Retiro ya Madrid ilikuwa ya mfalme kwanza

Kuna anayesema bustani ya Retiro, jijini Madrid, Hispania, ilianzishwa na manispaa ya jiji hilo. Hapana, ndugu, sivyo. Ilianza miaka ya 1630 kama bustani ya kasri la Buen Retiro, ambalo Olivares, waziri aliyeaminiwa kuliko wote, alilisimamia kwa ajili ya Mfalme Felipe IV, na bwawa kubwa lililomo ni la tangu enzi hizo. Mwaka 1767, ambao wengi huutaja, Carlos III aliruhusu raia waingie katika sehemu yake tu, tena kwa sharti la kuwa wasafi na wenye mavazi ya heshima, kwa hiyo binafsi siuhesabu kuwa ndio mwanzo wa bustani ya umma. Ilikuwa mali ya jiji baada ya mapinduzi ya 1868 yaliyomwondoa Malkia Isabel II. Kasri lenyewe liliharibiwa katika vita dhidi ya Napoleon, baada ya wanajeshi wa Ufaransa kuligeuza eneo hilo kuwa ngome (hatima isiyo mbali sana na ya boma la Mtemi Isike hapa kwetu Tabora mwaka 1893), yakabaki majengo machache. Wanafunzi wangu wa historia wanapouliza jambo hili huwaelekeza kwenye maelezo ya UNESCO, iliyoiorodhesha Retiro pamoja na barabara ya Paseo del Prado mwaka 2021. Nyumba ya vioo iliyomo bustanini isikuchanganye: ni ya 1887, na ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya Ufilipino.