Wasomaji Wauliza: Siku Moja Mji Mkongwe

SWALI: Ndugu mhariri, tuko marafiki sita. Tunataka kuvuka kutoka Dar kwenda Unguja Jumamosi, tuzunguke Mji Mkongwe, tule kwenye bustani ya Forodhani, tununue vitu kidogo na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kuzunguka na kununua mtaweza, ila Forodhani mtaikosa. Boti ya mwisho ya kurudi Dar huondoka alasiri, na wapishi wa Forodhani huwasha moto jua likikaribia kuzama. Laleni usiku mmoja, mrudi Jumapili. Tiketi nunueni ofisini kwa kampuni yenyewe, msimpe hela kijana anayewapokea barabarani, na kila mmoja abebe kitambulisho. Miezi ya upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, bahari huchafuka. Anayeugua bahari akae sitaha ya chini, katikati ya boti, na asipande na njaa wala na tumbo lililojaa.

Boti ya saa 1 asubuhi huwafikisha Malindi mnamo saa 3. Acheni mizigo nyumba ya wageni, mnywe chai kwa mkate wa kumimina, kisha muende Mkunazini kwenye Kanisa la Anglikana kabla joto halijapanda. Hapo palikuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo. Inasemekana altare imewekwa penye nguzo walikofungwa watumwa na kuchapwa viboko. Vyumba vya chini ya ardhi vilivyo hapo, ambamo inaelezwa walifungiwa watumwa, msivipite mbiombio: dari ni fupi, hewa ni nzito, na ukikaa humo dakika tano kimya utaelewa zaidi ya maelezo yoyote ya ukutani.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi soko la Darajani, lililojengwa 1904. Upande wa samaki nendeni kabla ya adhuhuri, wakati mnada ungali na watu. Vaeni viatu vyenye kushika, maana sakafu ina maji na magamba, na ndala huteleza. Mchana maduka mengi madogo hufungwa kwa swala na chakula, nanyi pumzikeni. Wageni wengi hulazimisha kutembea saa 8 juani, na jioni hukosa hata hamu ya kula.

Alasiri ni ya vichochoro. Tazameni milango: wenye tao la mviringo juu ni wa mtindo wa Kihindi, wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na kuchongwa ni wa Kiarabu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020 na likaingia kwenye ukarabati. Ulizeni kwanza kabla ya kulipangia muda. Papasi, wale vijana wanaojipachika kuongoza wageni, wakiwafuata, jibu ni moja: "Ahsante kaka, tunajua njia." Msisimame kueleza.

Jambo la mwisho, hela. Changeni mfuko mmoja wa chakula na viingilio, ashike mtu mmoja. Zawadi kila mtu na mfuko wake. Mkichanganya hizo mbili, mtagombana kabla ya magharibi.

SWALI: Forodhani tuliagiza sahani ya pweza na ngisi bila kuuliza bei. Hesabu ilipokuja tulishtuka, na ngisi alikuwa kama mpira. Tulikosea wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Mlikosea mlipomwachia muuzaji ajaze sahani. Pale mishkaki na samaki huuzwa kwa kijiti au kipande. Onyesha kwa kidole, uliza bei ya hicho kimoja, ndipo kiwekwe motoni. Ngisi wenu alikuwa ameshaivishwa mapema, kisha akapashwa tena mkaani, na ngisi akipata moto mara mbili hukakamaa. Aliyekauka kingo na kujikunja msimchukue. Pweza huvumilia zaidi kwa sababu huchemshwa kwanza. Awe anang'aa, asiwe anavuta utando.

Cha uhakika zaidi ni kile kinachopikwa mbele yenu, na hapo pizza ya Zanzibar haina mpinzani. Kidonge cha unga hutandazwa hadi mwanga upenye, kikawekwa nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai, mayonesi na jibini kidogo, kisha pembe nne zikakunjwa juu na kugeuzwa kwenye chuma chenye samli. Ikiharibika, ni kwa sababu ya moto mkali: nje kahawia, katikati yai linatiririka. Mwambieni apunguze moto, nanyi msimharakishe. Moja inatosha watu wawili wanaotaka kuonja na vingine. Juisi ya miwa mwenye tumbo jepesi aiombe bila barafu, na miwa ikamuliwe akiona, pamoja na ndimu na tangawizi.

Urojo uleni alasiri, siyo usiku. Uleni papo hapo, kwani bhajia na kachori zikikaa kwenye ule mchuzi wa ndimu hulowa na kuvunjika.

SWALI: Niliuziwa "zafarani ya Zanzibar" kwa bei rahisi. Nilipoitia kwenye maji, rangi ilitoka mara moja. Ni ya kweli?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Siyo. Zafarani hailimwi Zanzibar, na ya kweli si rahisi popote. Nyuzi zake huwa na ncha iliyopanuka kama tarumbeta. Ndani ya maji vuguvugu hutoa rangi ya manjano polepole na zenyewe hubaki nyekundu. Fedha hiyo wekeni kwenye kinachomea Unguja na Pemba. Karafuu ibane kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, na ukiitia majini huzama au husimama wima, ilhali kuukuu hulala juu. Vanila ijikunje kidoleni bila kukatika. Msinunue unga wa kiungo chochote, maana hamtajua umechanganywa na nini.

SWALI: Dukani walitaka kuniuzia kipande kimoja cha kanga. Ni sawa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kanga ni doti, vipande viwili vyenye jina moja, yaani maneno yaleyale yaliyochapwa. Vifungue vyote, usome jina kwenye vyote viwili, uangalie kama pindo limenyooka. Ukifikicha kitambaa kikatoa vumbi jeupe, ugumu wake ni wanga tu, na kufuliwa mara moja kitalegea. Mtaa wa Mchangani ndio wenye chaguo kubwa. Ya rangi nzito ifuliwe peke yake mara mbili za kwanza, kwa maji baridi, na ianikwe kivulini.