Shangazi, nimechoka kushindana na marehemu

Shikamoo Shangazi. Ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma hapa Mwanza, na nina mimba ya miezi saba. Mume wangu ana miaka 42, ana saluni ya kiume Mabatini. Ni mtu mwema, hanipigi, hana mambo ya wanawake. Tatizo langu ni Ngwair, yule mchanaji wa Bongo Fleva aliyefariki 2013. Ukuta mzima wa saluni ni picha zake, simu ikiita ni wimbo wake, na kila tarehe 28 Mei, siku aliyofariki Ngwair, mume wangu anafunga kazi, anakusanya wenzake, wanatoa sabufa nje na kreti za bia mpaka usiku wa manane. Mwaka jana alichukua hela tuliyoweka ya sare za watoto. Nikilalamika anasema sielewi, wakali wote Mungu huwachukua mapema, na Ngwair angekuwepo muziki wa nchi hii usingekuwa hivi. Sasa anasema mtoto akiwa wa kiume ataitwa Ngwair, tena liandikwe kwenye cheti. Mama mkwe anataka Mabula, jina la marehemu baba mkwe. Mimi hakuna aliyeniuliza. Zamani mume wangu naye alikuwa anachana. Walikuwa watatu, wakarekodi wimbo mmoja, basi. Mmoja sasa yuko machimboni Geita, mwingine ni mwalimu Sengerema. Daftari lake la mistari liko kwenye begi chini ya kitanda na hataki mtu aliguse. Shangazi, mtu anaweza kumpenda hivi mtu ambaye hata mkono hakuwahi kumpa?
Mama Kijacho, Igoma

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika miezi saba. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonikaa kichwani si picha za ukutani. Nitafika huko.

Kwanza swali lako. Anaweza, tena sana. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni na wasikilizaji wa redio waliokuwa na urafiki na watu wasiowahi kukutana nao. Urafiki wa upande mmoja, lakini anayeuhisi anauhisi wote. Sasa mweke mumeo hapo. Albamu ya kwanza ya Ngwair, jina lake halisi Albert Mangwea, ilitoka 2004, chini ya mkono wa mtayarishaji P-Funk pale Bongo Records. Mumeo alikuwa na miaka kama 20. Kijana wa chumba kimoja, redio inaongea tangu alfajiri, na ndani ya redio kuna mtu wa rika lake, aliyekulia Dodoma wala si mtoto wa Dar, anasimulia maisha ya kijana asiye na kitu kwa Kiswahili cha maskani, tena huku anacheka. Miaka tisa wakaishi hivyo. Halafu Mei 2013 habari ikaja kutoka Johannesburg kwamba amefariki, ana miaka 30, na mwili ukarudi kuzikwa Morogoro.

Na msiba ule haukuja peke yake. Vijana wa wakati ule walikuwa hawajamaliza kumlilia Kanumba wa filamu, mtoto wa jirani zetu Shinyanga, aliyeondoka Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Novemba mwaka huohuo mchekeshaji Sharo Milionea akafa kwa ajali ya gari kule Muheza. Kisha ikawa zamu ya Ngwair, na kabla ya wiki tatu kupita, mchanaji mwenzake Langa naye. Kwa kijana aliyekuwa anajiona bado ana muda mwingi, miezi ile kumi na minne ilikuwa kofi. Kwa hiyo kule kulia usikucheke. Rika langu tulikuwa na mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya barabarani Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34, na ninawajua wazee ambao ukiwasemea vibaya Mbaraka hawakuamkii tena. Halafu Wasukuma wote hawa wanaomshangaa mumeo, hebu waambie wakuhesabie ni miaka mingapi tumekuwa tukigawanyika makundi ya ngoma ya Bagalu na Bagika kwa ajili ya Gumha na Ngika, watemi wa ngoma ambao hakuna aliye hai aliyewaona wakicheza.

Lakini kuna jambo ambalo mumeo hajalijibu. Mwaka uleule wa 2013, tarehe 17 Aprili, wiki sita tu kabla ya Ngwair, alifariki Bi Kidude. Umri wake ulikadiriwa kufika miaka 100 na zaidi. Alipiga ngoma, aliimba taarabu, alifunda mabinti kwenye unyago, alizunguka dunia na sauti ile ya kukwaruza. Kama ni ukali, huyo ni mkali. Kuna kinyozi gani Mabatini anayefunga duka kwa ajili ya Bi Kidude? Hayupo, na sababu yake ndiyo siri ya jambo lote: Bi Kidude alitupa chake chote tukakiona, hajatuachia cha kukisia. Ngwair ametuachia nafasi tupu ya miaka thelathini na zaidi ambayo hakuiishi, na kila mtu anaijaza anavyotaka. Mumeo ameijaza albamu bora kuliko zote, ambazo hazina wimbo mbovu hata mmoja kwa sababu hazikurekodiwa.

Wachanaji waliobaki hai hawana bahati hiyo. Professor Jay aliingia bungeni kama mbunge wa Mikumi mwaka 2015, uchaguzi uliofuata akakosa. Mwana FA akawa mbunge wa Muheza mwaka 2020. Wamenenepa, wameoa, wamebadili maneno, wamegawa mashabiki kwa siasa. Fid Q, mtoto wa hapahapa Mwanza, amevuka miaka 40 na bado anaandika, na nina hakika mumeo ana orodha ya malalamiko juu yake. Msanii aliye hai anazeeka mbele yako, na wewe unazeeka naye, inauma. Aliyekufa akiwa na miaka 30 anabaki kwenye picha ileile ya ukutani, kofia ileile.

Hilo la Mungu kuwachukua wakali mapema, mwambie limepimwa. Wazungu nao wana imani yao kwamba wanamuziki wakubwa hufa wakiwa na miaka 27, wanakutajia Hendrix, Joplin, Cobain, Winehouse. Mwaka 2011 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofuatilia wanamuziki 1,046 ambao albamu zao zilishika namba moja nchini humo kati ya 1956 na 2007. Huo mwaka wa 27 haukuwa na lolote la ajabu. Walichokiona ni kwamba wanamuziki maarufu wa miaka ya ishirini na thelathini walikuwa wanakufa mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wa kawaida wa umri huo. Maana yake kazi ile ina usiku mwingi, barabara nyingi, ulevi mwingi na marafiki wa kila aina. Mwanamuziki Mowzey Radio wa Uganda, aliyefariki Februari 2018 akiwa na miaka 33, alipigwa kwenye baa Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hili. Ugomvi wa baa. Mimi sioni heshima yoyote katika kuugeuza kuwa uteuzi wa mbinguni, na wala sioni kama inamsaidia kijana anayeanza kuchana leo kuamini kwamba kifo ni sehemu ya kipaji.

Sasa daftari. Ulilitaja mwishoni, kama mtu anayetaja kiti kilichovunjika mguu, lakini kwangu barua yako iko humo. Umeandika kwamba unashindana na marehemu. Mimi naona unashindana na kijana wa miaka 22 aliyekuwa na wenzake wawili na wimbo mmoja, ambaye alifungiwa kwenye begi siku alipoamua kuwa kinyozi na baba wa watu. Yule kijana hakufanyiwa msiba. Hakuna aliyekuja kusema pole. Ngwair yeye ana tarehe, ana picha, ana watu wa kukaa naye nje usiku, na mwanamume wa miaka 42 anaruhusiwa kumlilia mbele za watu bila kuulizwa kitu. Nadhani tarehe 28 Mei mumeo analilia wawili kwa bia moja. Sisemi kwamba hampendi Ngwair kweli. Anampenda, na pengine anajua kuliko wengi kwa nini mistari ile ilikuwa migumu kuiandika, maana yeye alijaribu.

Tafadhali usiende kumwambia "Shangazi kasema unalilia ujana wako". Mwanamume akiambiwa hivyo na mkewe atahamia saluni. Na daftari usilifungue akiwa hayupo, hata kama begi halina kufuli. Subiri siku ambayo hamjagombana, watoto wamelala, umwombe akuchanie mstari mmoja wa kwake. Wa kwake, siyo wa Ngwair. Atakataa. Mwombe tena siku nyingine. Akikubali, usicheke hata kama unachekesha, na usimpe maksi. Muulize aliuandika wapi, na nani alikuwepo. Umekaa naye miaka yote hiyo na sidhani kama umewahi kumsikia akichana, ndiyo maana unaona ukuta tu.

Hela ni habari nyingine, na hapo sina huruma naye. Kumpenda marehemu hakumpi mtu ruhusa ya kugeuza sare ya mtoto wake kuwa kreti ya bia. Ngwair hakuomba bia ile, wanaoinywa ni wenzake walio hai, na kesho yake hakuna hata mmoja anayekuja kushona kaptula. Kwa hesabu yangu tarehe 28 Mei mwaka huu itakukuta umejifungua au uko mlangoni. Hela ya kujifungulia isikae kwenye droo ya saluni wala kwenye simu yake. Iwe kwako kuanzia wiki hii, na umwambie wazi kwamba umeihifadhi, usiifiche kama mwizi. Akigomba, mpelekee mshenga wenu au baba yake mdogo, mtu anayemheshimu. Lakini mimi nadhani hatagomba. Kwa jinsi ulivyomweleza, ni mtu anayejua alikosea mwaka jana na hajapata pa kusemea.

Siku yenyewe usijaribu kuifuta, utashindwa. Ipunguze. Wewe ni mtu wa Igoma, kwa hiyo umewaona watu wanaokuja kwenye makaburi ya MV Bukoba kila tarehe 21 Mei, tangu meli ile izame mwaka 1996. Wanaweka maua, wanasali, wengine wanakaa kidogo na majina ya ndugu zao, kisha wanarudi kazini. Wale walipoteza mama na watoto, si sauti ya redioni, na siku yao haizidi mchana mmoja. Mumeo naye anaweza kufungua saluni asubuhi, akapiga nyimbo za Ngwair mpaka jioni, wateja wakanyolewa humohumo kwenye maombolezo. Jioni awaite wale wawili wa zamani, siyo kundi zima la mtaa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wa Geita na wa Sengerema hawana kisingizio cha kusubiri kivuko. Watatu hao wakae kwako, wale sato, na daftari litoke kwenye begi likitaka. Usipike wewe. Waende soko la Mwaloni wenyewe, wapare samaki wenyewe, watu wazima hao.

Limebaki jina. Mwambie taratibu kwamba hata wazazi wa Ngwair hawakumwita Ngwair. Walimwita Albert, akakua, akajitafutia jina lake la kazi mwenyewe. Mtoto akiandikwa Ngwair kwenye cheti atakuwa shabiki kabla hajaota meno, na kila mtu mzima atakayekutana naye atamwimbia wimbo uleule na kumweleza alikuwa wapi siku ile ya 2013. Huo ni mzigo wa baba yake. Saluni na amwite Ngwair kutwa nzima, jina la utani halihitaji muhuri. Mabula mimi silipingi, kumrudisha babu ni desturi yetu na mama mkwe atakuogeshea mtoto kwa moyo mweupe. Ila wewe ndiye unayembeba, kwa hiyo lile jina la kwanza lidai liwe lako, na lidai mapema, mbele ya wote wawili wakiwa wamekaa.

Na akiwa wa kike, naona hakuna anayegombania. Chagua unalolipenda, na usimwambie mtu mpaka siku ya kuandikisha cheti.