Kabla ya kuandika tarehe, uliza nani anamsubiri nani

Mradi wa kwanza niliousimamia ulikuwa madarasa mawili katika kijiji kimoja cha Kisarawe. Nilipewa tarehe ya makabidhiano, nikazigawa siku zilizopo: msingi wiki mbili, kuta wiki tatu, kupaua wiki moja. Kwenye Excel ratiba ilipendeza. Mchanga ulipohitajika ilikuwa Aprili, masika yamekolea, lori likakwama njiani. Mafundi walikaa siku tisa bila kazi, na posho zao zilikuwa zinahesabika.

Wewe unayeanza, usikimbilie kompyuta. Keti na fundi mkuu, andikeni kila kazi kwenye karatasi yake, kisha muulize: hii haiwezi kuanza mpaka nini kiishe? Atakutajia mambo usiyoyaona kwenye mchoro. Zege la lenta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha, likishamwagwa hupaui kesho yake; hunyweshwa maji siku 7 hivi ndipo libebe paa. Kusubiri huko nako ni kazi. Kuwekee mstari wake kwenye ratiba, na umtaje mtu wa kuteka hayo maji.

Kisha jumlisha. Tuseme lenta inachukua siku 2, kulisubiri zege 7, kupaua 6, kuezeka bati 3: jumla 18. Wakati huohuo seremala anatengeneza milango na madirisha kwa siku 15. Seremala akichelewa siku mbili, hakuna kinachoharibika, maana ana nafasi ya siku 3. Lenta ikichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja. Hesabu hii ilibuniwa Marekani mwaka 1957 na watu wa kampuni za DuPont na Remington Rand, na ndiyo itakayokuonyesha asubuhi uanzie wapi. Mimi nilikuwa nashinda kwa seremala kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na barabara!

Fundi akisema "siku sita", muulize pia mambo yakienda vizuri ni ngapi, na yakienda vibaya ngapi. Akijibu 4 na 14, zidisha ile sita mara nne, ongeza hizo 4 na 14, gawanya kwa 6. Unapata 7. Andika 7.

Bosi atakuja kutaka muda upunguzwe. Mwonyeshe karatasi zenu, mzungumze kuhusu kuongeza mafundi wa kupaua au kuagiza mbao mapema. Siku za zege zisiguswe: chini ya lenta ile watakaa watoto.