Kumlikiza Mtoto wa Mbwa si Kumnyang'anya Ziwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma aliniandikia kwamba watoto wake wa mbwa, waliotimiza wiki tatu tu, wanaharisha tangu alipomtenga mama yao na kuwawekea maziwa ya ng'ombe kwenye bakuli, kwa sababu wanunuzi wanamharakisha. Nilimjibu siku ile ile kwamba amrudishe mama na ayaondoe maziwa hayo, lakini jambo lenyewe, yaani kumlikiza mtoto, au kumwachisha ziwa na kumzoesha chakula, linastahili maelezo marefu, kwa kuwa sisi tunaozalisha mbwa wa ulinzi hukutana nalo kila uzao, na ushauri wa mitaani umeshaua watoto wengi.

Nazalisha German Shepherd hapa Morogoro, na watoto wa uzao wangu wa mwisho wametoka nyumbani wote wakiwa hai, wazito na wenye manyoya ya kung'aa. Sioni haya kujivunia hilo, maana nilipoanza kazi hii nilisemwa na watu wa damu yangu, walioona kwamba kumpikia mbwa maini ni kuchezea riziki, na maneno yale bado yananiuma.

Dalili ya kwanza huitoa mama mwenyewe. Meno ya utoto huanza kuchomoza kati ya wiki ya tatu na ya nne, nayo huchoma kama ncha za sindano, kiasi kwamba jike langu, ambaye awali alilala ubavu hadi watoto wakasinzia, alianza kuinuka katikati ya kunyonyesha na kuondoka huku mmoja wao akining'inia kwenye chuchu. Wakati huo ndipo nilipowakata kucha watoto, kwa sababu huzitumia kukamua ziwa na kulijeruhi, kisha nikaandaa sinia.

Siku chache baadaye alikula chakula chake, akaenda moja kwa moja kwa watoto na kukitapika mbele yao, nao wakakivamia. Ndugu yangu mmoja alishika fimbo akitaka kumfukuza, akiamini kwamba mbwa ameugua au ameingiwa na uchafu, nami nikamzuia. Mbwa mwitu wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hufanya vivyo hivyo warudipo mawindoni, na ndivyo watoto wao wanavyohamia kwenye nyama. Anayempiga jike kwa kutapikia watoto anamwadhibu kwa kuwalea, na ninawasihi wafugaji wenzangu tuikomeshe tabia hiyo.

Kuhusu chakula chenyewe, mimi huloweka chakula kikavu cha watoto wa mbwa katika maji ya uvuguvugu hadi kivurugike kama uji mzito, nikaongeza maini kidogo yaliyochemshwa na kusagwa. Huweka kwenye sinia pana lenye ukingo mfupi, nikachovya kidole na kumlambisha kila mtoto mdomoni, wala simzamishi pua, kwa sababu uji ukiingia njia ya hewa huweza kuleta homa ya mapafu. Mlo wa kwanza huishia masikioni na miguuni kuliko tumboni, na mama huja kuwasafisha kwa kuwalamba. Hutoa milo minne kwa siku, nikapunguza maji taratibu, na kwa joto la Morogoro mabaki huondolewa mara moja. Mama naye hutengwa saa chache mchana, kisha zaidi, ili maziwa yapungue bila ziwa kuvimba.

Maziwa ya ng'ombe hayafai kuchukua nafasi ya mama. Yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, nyingi kuliko ya mbwa, huku mafuta na protini vikiwa karibu nusu tu ya vile alivyozoea mtoto, kwa hiyo humharisha bila kumshibisha. Atumiaye dagaa wa Mwanza awaoshe mchanga vizuri, na mwenye mahindi yaliyoota ukungu asithubutu kuwapikia mbwa, kwani sumukuvu ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 huua mbwa pia. Chakula cha dukani kikiwa kamili, usiongeze unga wa kalsiamu, hasa kwa mbwa wa maumbo makubwa, maana ukizidi huharibu mifupa inayokua.

Tumbo kubwa lisikudanganye ukadhani ni shibe. Minyoo hupita kwa mama kwenda kwa mtoto tangu tumboni na katika maziwa, ndiyo maana dawa huanza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili. Mizani ya jikoni husema kweli kuliko macho, kwa kuwa mtoto asiyeongezeka uzito ana tatizo hata kama anacheza.

Nawaambieni wazalishaji wenzangu, mnunuzi anayedai mtoto wa wiki nne mwacheni aende zake, hata akiwa na fedha mkononi. Mtoto akae na mama na ndugu zake hadi wiki nane, aanze chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, kati ya wiki ya sita na ya nane, na aondoke na mfuko mdogo wa chakula alichokizoea ili mmiliki mpya akibadilishe polepole.

Kwako msomaji wa Dodoma, ikiwa yupo ambaye bado anaharisha, au amekataa ziwa, au kinyesi chake kina damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, kwa kuwa mtoto wa umri huo hukaukiwa maji mwilini kwa saa chache tu.