Maswali ya Wasomaji: Utafiti wa Hipnosisi Unaaminikaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma utafiti unaodai kwamba hipnosisi (kumwongoza mtu kwa maneno hadi atulie na kuzama katika mawazo) hupunguza maumivu wakati wa kusafisha vidonda vya moto. Nitajuaje kama unaaminika? (Muuguzi, Makole, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, tazama kwanza kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wasiopewa hipnosisi. Mgonjwa aliyekaa nusu saa na mtu mpole anayemsemesha taratibu anaweza kupata nafuu kwa upole huo tu. Kwa hiyo kundi la pili nalo lipewe muda uleule na maongezi ya kawaida, na wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu. Hekima hii ni ya zamani: mwaka 1784 huko Ufaransa, tume iliyokuwa na Benjamin Franklin iliwafunga watu vitambaa machoni ili kupima madai ya wafuasi wa Mesmer, daktari aliyedai kuponya kwa nguvu ya sumaku isiyoonekana, ikaonekana kwamba waliitikia walipoamini wanatibiwa, hata kama hawakutibiwa.

Maneno anayosomewa mgonjwa nayo yachapishwe yote, maana bila hayo hakuna awezaye kurudia jaribio. Kwetu hili lina uzito zaidi: kumwambia bibi wa Bahi ambaye hajawahi kuiona bahari asikilize mawimbi hakumtulizi, bali humchanganya.