Nani alete cheti cha tabia njema kanisani?

Dada, umeuliza kama ni walimu wa sande skuli peke yao ndo walete cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya polisi ya upelelezi Kenya) ama kila anayehudumu hapo kanisani kwenu Mikindani. Mimi naona usiangalie cheo, angalia nani hubaki na watoto bila mtu mwengine, tena mara kwa mara. Mama wa kupanga maua na mzee wa kuhesabu sadaka waache tu, lakini dereva wa kupeleka watoto kambi, yule kijana wa kinanda anayefunza mmojammoja Jumamosi na mlango umefungwa, na anayelala na vijana kwenye kesha, hao wote walete, hata akiwa mpwa wa pasta (huyo hasa, maana hakuna anayethubutu kumuuliza). Ni shilingi 1,050 kwa eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole, kanisa lilipe msije mkapoteza watu. Na cheti huonyesha tu yaliyoingia kwa rekodi za polisi, kwa hivyo pigia simu kanisa alikotoka uulize mbona aliondoka. Sisi hiyo simu tuliiruka mara moja, kuja kujua mtu alikua ashafukuzwa kwengine.