Feni ya Umeme au ya Injini?

SWALI: Pikapu yangu hubeba saruji kutoka Nakuru hadi Eldoret, nayo huchemka inapopanda kuelekea Timboroa. Je, niondoe feni inayozungushwa na injini niweke ya umeme? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, usiharakishe. Unapopanda mlima kwa gia ndogo, injini huzunguka kwa kasi na feni yake huvuta hewa nyingi wakati uleule unapoihitaji; kwa hiyo mwambie fundi akague kwanza rejeta iliyoziba, au klachi ya feni (kiungo kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye feni) iliyovuja mafuta yake ya silikoni. Feni ya umeme hufaa zaidi katika msongamano wa Kisumu, ambako injini huzunguka polepole, lakini hudai rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi, waya mnene na alteneta (jenereta ya gari) yenye nguvu ya kutosha.